Tope la Nakuru

Watu wa ule ua wa Nyakuron, mjini Juba, walikuwa wameliona gari lile tangu lilipokuwa mkebe mtupu wa mafuta ya msaada, lakini asubuhi rangi ilipokauka walikuja kulitazama kana kwamba limeshushwa kutoka kwenye tishali bandarini. Cissy, muuza chapati, aliziacha kikaangoni akaja na unga mikononi. Madereva wa Majak, mwenye ua, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kungoja kutumwa, walisogeza viti vyao vya plastiki. Muuza maji aliegemeza baiskeli ukutani akasahau kwamba ana wateja.

Juu ya meza ya mbao, chini ya turubali, lilisimama gari la mashindano, Datsun ya zamani ya milango miwili, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Lilikuwa jeupe, boneti jeusi, namba ubavuni. Taa nne za mbele zilikuwa vioo vya tochi, na matairi yalichongwa kutoka kwenye soli za ndara. Milango ilifunguka. Ukiuzungusha usukani kwa ncha ya kidole, magurudumu ya mbele yaligeuka.

“Kaka Eriya,” Cissy alisema, “ningekuwa na uwezo ningelinunua nikaliweka juu ya televisheni. Halafu ningetafuta televisheni.”

Watu walicheka. Eriya hakucheka, maana uzuri wa gari ndio uliomtia wasiwasi. Alikuwa fundi bodi, Msoga wa Iganga, Uganda, mtu wa kunyoosha mabati na kupuliza rangi magari ya watu, na mwenye ua, Majak, hakutaka gari linalong'aa. Majak alitaka gari kama alivyoliona utotoni mjini Nakuru, Pasaka moja ya mvua, lilipotokeza barabarani limejaa tope hadi madirishani na baba yake, mkimbizi aliyekuwa mlinzi wa kituo cha petroli, akalisukuma pamoja na wengine kulitoa mtaroni. Dereva alimpungia baba mkono. Hadithi nzima ilikuwa hiyo. Majak alikuwa ameisimulia mara nyingi hivi kwamba madereva wake walijua wapi pa kutikisa kichwa na wapi pa kusema, “Kumbe.”

Mke wa Eriya, Janepher, alilitazama gari kutoka mlangoni mwa kibanda chao, mkono mmoja ukiwa mgongoni. Mimba yake ilikuwa imeshuka. Kila mwanamke uani alikuwa na maoni yake juu ya tumbo lile, la mvulana au la msichana, la wiki hii au la mwezi ujao, na Cissy alikuwa na maoni yote kwa pamoja. Janepher mwenyewe alikuwa na neno moja tu. Hatazaa Juba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hapa na kuzikwa hapa katika wiki moja, na huyu wa pili alitaka amzalie Iganga, mama yake akiwa karibu.

Njia ya Iganga, hata hivyo, ilipitia kwenye droo ya Majak.

Ilikuwa hivi. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu amani isainiwe, na Juba ilikuwa imejaa Waganda wa kila aina, wauza nyanya, mafundi, waendesha bodaboda, na kila mmoja alipaswa kuwa na kibali. Wenye akili walikwenda kupanga foleni na kutukanwa wakapata muhuri wao. Wenye bahati, ndivyo watu walivyowaita, walikuwa na mkubwa. Mwanzoni mwa mwaka Majak alimwambia Eriya asipoteze siku kwenye foleni, alete pasipoti zote mbili, yake na ya mkewe, yeye mwenyewe atazipeleka ofisini zikapigwe muhuri, nani atamkatalia. Eriya alizikabidhi kwa mikono miwili na kushukuru. Siku ile mafundi wenzake walimwonea wivu.

Pasipoti zikaingia kwenye droo. Zilipoulizwa, zilikuwa zinashughulikiwa. Zilipoulizwa tena, Majak alikuwa na wageni. Na alipopata wazo la gari, swali lote lilipata jibu jipya, la upole kabisa, kwamba Eriya amalize gari kwanza, kisha yeye na mkewe waende nyumbani kwa amani.

“Sasa limekwisha,” Janepher alimwambia mumewe jioni ile, kwa Kisoga chao, wakati watu wameshatawanyika.

“Bado tope,” Eriya alisema.

*

Kulizeesha gari ni kazi ngumu kuliko kulitengeneza. Eriya aligundua hilo akiwa amechelewa kurudi nyuma. Maisha yake yote alikuwa ameondoa kutu, sasa aliiweka. Alirudia kupaka milango rangi ya kutu, akainyunyizia chumvi ya mkewe ikiwa bado mbichi, akapuliza nyeupe juu yake, na ilipokauka akaisugua chumvi ikadondoka, ikaacha vidoa vidogo vya kutu vilivyochungulia chini ya rangi kama vya mawe yaliyorushwa na tairi. Kioo cha mbele alikipaka chai ya rangi na vumbi, kisha akafuta nusu duara mbili, mahali ambapo waipa zingekuwa zimepita. Mabomba ya moshi aliyashikilia juu ya kibatari hadi yakawa meusi. Vumbi alilichekecha kwa chekeche la unga la Janepher, na tangu siku hiyo ugali wa nyumba ile ulikuwa na changarawe.

Kila alasiri Majak alirudi kutoka ofisini, akavua koti, akaja kukaa kwenye meza ya Eriya. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru, cha kasi na mzaha. Aliagiza soda kwa wote waliokuwepo. Alikuwa na nyumba ya vyumba vingi lakini hakupenda kukaa ndani yake, na uani kote hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno baya kwa Eriya. Hilo ndilo lililokuwa gumu kumweleza mtu wa nje.

“Afande, hii sasa iko sawa?” Eriya aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kampala.

Majak alilisogeza gari kwenye mwanga. “Hapana, bwana. Hii ni tope ya Juba. Nyekundu. Tope ya Nakuru ilikuwa nyeusi. Ilikuwa inang'ang'ania, ikikushika mguu unaacha kiatu.”

Eriya alikwenda mtoni akachota udongo mweusi wa ukingoni, akauchanganya na gundi ya mbao na vumbi la mkaa. Majak alisema umekuwa mweusi mno, kama lami. Akaongeza masalia ya kahawa. Majak alinusa akasema harufu ni nzuri lakini tope lile halikuwa limekauka, lilikuwa bado linameta. Akapaka vanishi juu. Sasa likameta kupita kiasi. Kila mara Majak alisikitika kweli, akampiga Eriya begani, akasema wana muda. Kisha akaanza tena habari za Pasaka ile.

Wakati mwingine, katikati ya hadithi, Eriya alijaribu kupenyeza habari ya tumbo. Majak hakukasirika. Siku moja alimtuma dereva ampeleke Janepher kliniki kwa Landcruiser, na alipanda mbele kama mke wa waziri, Cissy akimpungia mkono kutoka kwenye kikaango. Siku nyingine aliletewa maziwa ya unga, kopo kubwa. Wanawake wa uani walisema Janepher ana bahati, waume wengine hawana hata mkubwa wa kuwasaidia. Janepher aliyapokea maziwa na kuyaweka kwenye rafu bila kuyafungua.

Alijaribu njia yake mwenyewe. Aliyeshika funguo za nyumba kubwa alikuwa Awien, mke wa mdogo wake Majak, msichana mrefu aliyeletwa kutoka kijijini miezi michache nyuma na kukabidhiwa nyumba iliyojaa makochi. Janepher alimfuata jikoni kwake, akamsaidia kukatakata bamia, akamuuliza kwa upole kama anaweza kuzitazama tu zile pasipoti, kuona muhuri. Awien hakuwa na kiburi. Alimweleza kwa Kiarabu cha Juba na vidole kwamba droo ni ya mzee, na mambo ya mzee hayashikwi. Kisha, kwa kuwa Janepher alikuwa hapo na kisu mkononi, akamsogezea na vitunguu.

“Nimekatakata vitunguu vya watu wengine hadi jua likazama,” Janepher alimwambia mumewe. “Wewe unapaka matope na mimi nakata vitunguu. Mtoto naye anasubiri zamu yake ya kutumwa.”

Eriya alisema wiki hii litakwisha. Lilikuwa limebaki tope la chini ya milango tu.

Na kweli wiki ile lilikwisha. Aliukausha udongo wa mtoni juani, akausaga, akaupuliza mkavu juu ya gundi mbichi, tabaka juu ya tabaka, mzito nyuma ya matairi na mwepesi kuelekea paani, ukiwa umeelekea upande mmoja kama unavyorushwa na gari linalokimbia. Majak alikuja alasiri. Alikaa. Alilitazama gari muda mrefu, soda yake ikaisha povu. Mwisho akanyoosha kidole akagusa tope nyuma ya gurudumu.

“Hii ndiyo,” alisema. “Mzee alirudi nyumbani na tope hii kwenye kola.”

Alisema Jumamosi atafanya karamu. Mama yake alikuwa amefika kutoka Bor, na Majak alikuwa amemwalika Kuach, mkubwa wake tangu vitani, pamoja na wengine. Gari litawekwa mbele ya watu wote. Na akimtazama Eriya machoni, alisema siku hiyohiyo atapewa pasipoti zake.

Janepher alianza kufunga vitu. Kwa kuwa habari haikai uani bila kutoka, kabla ya giza mtaa wote ulijua kwamba Wasoga wanaondoka Jumapili na basi la alfajiri, na Cissy alikuwa ameshaomba aachiwe jiko.

*

Kila asubuhi madereva wa Majak waliteremka na magari mtoni, wakayaosha hadi tairi, wakarudi nayo yakidondosha maji. Mkubwa ambaye gari lake lina tope husemwa. Watu husema hana mafuta, au hana watu. Awien alikuwa amejifunza hilo mapema, na Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa njiani, alifungua kabati la kioo sebuleni kufuta vumbi akakuta gari la shemeji yake likiwa limejaa tope kama limetoka kuchunga ng'ombe.

Hakuna aliyemweleza. Wanaume walikuwa wamezungumza habari za tope lile majuma mazima, lakini walizungumza kwenye meza ya Eriya, na kwa Kiswahili.

Aliliosha kwa sabuni ya unga na mswaki. Kwenye mifereji ya milango alitumia kijiti. Vioo alivifuta kwa gazeti. Vile vidoa vya kutu vilipokataa kutoka, alivifunika kimoja kimoja kwa rangi nyeupe ya kucha. Kisha akalipaka mafuta ya kupikia kidogo ili ling'ae, akalibeba kwenye sinia lenye kitambaa cha kufuma, akalipeleka chini ya turubali amwonyeshe aliyelitengeneza.

“Ilikuwa wasakan,” alimwambia Eriya, yaani chafu, na alikuwa anatabasamu. “Sasa nadif.”

Eriya alilitazama. Kutoka pale alipokuwa amekaa akimenya viazi, Janepher aliona mabega ya mumewe yakishuka, akajua kabla hajainuka. Alipofika, hakulitazama gari. Alimtazama Awien, ambaye tabasamu lilikuwa limeanza kumkwama usoni, na akaona kwamba hata hasira hana mahali pa kuiweka.

Majak alipoitwa alicheka hadi akashika ukuta. Alimpigia simu mtu mmoja na kumsimulia, akampigia wa pili. Alimwambia Awien malesh, si kosa lake. Kisha akamgeukia Eriya na kumwambia apake tope la haraka tu kwa ajili ya leo, wageni wasikose kitu cha kutazama, halafu wiki zijazo alirudie vizuri, taratibu, kama mwanzo.

Eriya aliuliza habari za pasipoti.

“Kazi ikiisha, bwana. Si tulisema hivyo?” Majak alimshika bega. “Na huyu mama asiwe na wasiwasi. Juba kuna madaktari siku hizi.”

*

Hema lilifungwa uani na viti vikapangwa, na kufika mchana ua ulikuwa umejaa hadi langoni. Mbuzi walikuwa wamechinjwa. Kwenye meza ndogo katikati lilisimama gari, tope lake bado bichi, na wageni walipita kulitazama mmoja mmoja kama watu wanaotoa heshima msibani. Majak alisimulia Pasaka ya Nakuru. Kuach, mzee mwembamba mwenye kovu kidevuni ambaye hakuwahi kuona mashindano ya magari maishani mwake, alisikiliza kwa makini, akauliza ni nani alishinda. Majak akakiri kwamba hakumbuki.

Janepher alikuwa akifanya kazi tangu alfajiri. Awien alikuwa amelemewa, na Cissy alikuwa jikoni kwa malipo, na haikufikirika kwamba mke wa fundi angekaa kitako siku ya karamu ya mwenye ua. Alipewa jagi na beseni azungushe maji ya kunawa. Alianza kwa Kuach, akafuata wageni wengine, akainama kwa kila mmoja kadiri tumbo lilivyomruhusu. Wengine walinawa bila kukatisha mazungumzo. Alimnawisha mama yake Majak, Adau, bibi mkongwe aliyeketi kwenye kiti chenye mto, na huyo peke yake alimwambia asante.

Alipofika kwa Majak alimmiminia maji, akamngoja akaushe mikono. Kisha akaweka beseni chini, akaweka jagi kando yake, akapiga magoti.

Huko Busoga hilo si jambo. Msichana hufundishwa kupiga magoti kabla hajafundishwa kusonga ugali. Mwanamke hupiga magoti akisalimia, akipokea sahani, akimpa shemeji maji, kisha huinuka na kuendelea na shughuli zake. Ndivyo alivyoombea kila kitu utotoni mwake, kuanzia sukari hadi karo. Lakini hapa hapakuwa Busoga. Wageni waliona mwanamke mwenye mimba kubwa, wa kigeni, ameanguka chini mbele ya mwenyeji wao katikati ya chakula. Mazungumzo yalikatika, upande mmoja wa hema kisha mwingine.

“Afande,” Janepher alisema, “mimi naomba pasipoti. Mimi nataka kwenda kuzaa kwa mama yangu.”

Kuach aliuliza kitu kwa Kidinka. Ilionekana anauliza amekosa nini. Majak alianza kujibu huku akitabasamu, lakini mama yake alimtangulia, na hakutumia Kidinka. Alitumia Kiswahili alichouzia sukuma wiki Nakuru miaka mingi, ili na yule aliye chini asikie.

“Hajakosa kitu. Anataka kwenda kujifungua. Majak, unamshikia pasipoti ya nini?”

“Nani amesema nimekataa, mama?”

“Basi mpe. Mwanamke wa hivi hakai chini kwenye ua wangu.”

Awien alitumwa kwenye droo, akaja mbio na pasipoti zote mbili. Majak alizifungua mbele ya watu wote, polepole, kama mtu anayetoa zawadi shuleni. Moja alimpa Janepher kwa mikono miwili. Wageni walipumua, mmoja akapiga makofi, na sura ya Majak ikanawiri tena, maana sasa alikuwa mtu aliyeombwa akatoa.

Ile nyingine aliitia kwenye mfuko wa shati akafunga kifungo.

“Na huyu fundi wetu atakufuata,” alisema. “Mzee Kuach ameliona gari na yeye anataka lake.”

“Kubwa kidogo kuliko hili,” Kuach alisema kwa Kiswahili cha shida. “Na tope zaidi.”

Wageni wakacheka, hema zima likageuka kumtafuta Eriya. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, kitambaa cha kazi mkononi. Janepher naye alimtazama, akiwa bado magotini. Alijua hawezi kuomba mara ya pili. Ombi la kwanza lilikuwa limemletea Majak makofi. La pili lingemfedhehesha, na kile kijitabu alichokuwa amekishika kingeweza kurudi kilikotoka. Kwa hiyo alingoja mtu mwingine aseme.

“Sawa, afande,” Eriya alisema.

Adau akainuka mwenyewe, akamshika Janepher kwapani akamsimamisha. Alimwambia amshukuru mwanawe. Janepher akashukuru.

Jikoni, akiwa amekaa juu ya gunia la mkaa, alifungua pasipoti yake kurasa zote. Muhuri haukuwepo. Pasipoti haikuwahi kutoka kwenye droo.

*

Kwenye stendi ya mabasi Jumapili palikuwa na kelele za kila siku, wapiga debe wakimwita kila aliyebeba begi aende Nimule, Gulu, Kampala. Eriya alimtafutia mkewe kiti cha dirishani nyuma ya dereva. Walikuwa na muda, na hawakujua waufanyie nini.

“Ungesema neno,” Janepher alisema.

“Neno gani?”

“Lolote.”

Eriya alipangapanga mizigo iliyokuwa tayari imepangwa. Alisema litakuwa gari moja tu. Alisema safari hii anajua njia zote, hatapoteza muda kwa majaribio. Janepher alimwacha amalize. Akamshika mkono, akautazama, mistari ya kucha ikiwa na udongo mweusi usiotoka kwa sabuni, akauachia basi lilipowaka.

Mpakani walimzuia kwa sababu ya kukosa muhuri wa kibali. Alikaa juani na abiria wengine wa namna yake hadi ofisa mmoja alipolitazama tumbo, akatazama benchi, akaona ni heri asizae kwenye benchi lake. Hayo alimsimulia Cissy kwa simu, na Cissy akausimulia ua mzima, kila mara ofisa akiwa mkali zaidi.

Habari ya mtoto ilikuja alasiri moja Eriya akiwa mezani. Simu yake ilikuwa haina chaji, kwa hiyo ndugu wa Iganga walipiga ya Majak. Majak aliweka sauti ya juu ili wote wasikie. Msichana. Mama na mtoto wazima. Cissy alipiga vigelegele hadi wa ua wa jirani wakaitikia bila kujua ni nini, madereva wakampiga Eriya mgongoni, Majak akatuma kreti ya soda. Mtoto akasikika akilia, sauti nyembamba kama ya paka, na watu wote wakanyamaza kumsikiliza. Majak ndiye aliyekuwa ameishika simu. Alizungumza na Janepher kwanza, akampa hongera, akamwambia Juba yote inamsalimu. Kisha akampa Eriya.

Eriya aliizima ile sauti ya juu, akaenda nyuma ya kibanda.

“Unalitengeneza lile la Kuach?” Janepher aliuliza.

“Limebaki tope.”

Nyuma yake Iganga ilisikika, kuku, wanawake, mtu akiosha masufuria.

“Eriya, lifanye vibaya.”

“Vibaya vipi?”

“Vibaya. Wewe ukifanya vizuri wanakuweka. Fundi mbaya hufukuzwa.”

*

Alilifanya vibaya. Ilikuwa kazi iliyomuumiza kuliko zote alizowahi kufanya, maana mikono ilikuwa inakataa. Alipuliza rangi juu ya rangi mbichi hadi ikatoa malengelenge. Gurudumu moja alilifunga upande. Udongo hakuuchekecha, aliuchota mtaroni nyuma ya choo, mwekundu na mweusi pamoja, na mabua na vipande vya majani ndani yake, akaukandika kwa viganja kama anayesiliba nyumba. Uliporomoka kwenye boneti akauacha. Kioo cha mbele alikiziba chote. Cissy alipita na sinia la chapati, akasimama.

“Kaka Eriya, unaumwa?”

Alimwambia haumwi. Cissy alilitazama gari, akatazama pembeni, kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu.

Kuach alikuja Jumamosi, Majak akiwa naye. Eriya alisimama kando ya meza na mikono nyuma. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na hata maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo tayari, na baada ya hayo ombi la pasipoti. Alimwona Majak akikunja uso. Akaanza kutumaini.

Kuach alilizunguka gari mara moja. Akainama, miwani mkononi, akagusa bonge lenye bua lililoning'inia juu ya gurudumu, lile lililofungwa upande. Hakuna aliyemwona mzee yule akibadilika sura kabla ya siku hiyo, hata Majak. Alizungumza Kidinka, muda mrefu kwa mtu wa maneno machache, na Majak akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamweleza Eriya. Mzee anasema mwaka wa mafuriko walisukuma lori siku nzima na majani yalikuwa hivihivi. Anasema tairi nalo lilikuwa limepinda hivi. Mwenzao mmoja alibaki chini yake.

“Lile lako ni la picha,” Kuach alimwambia Majak kwa Kiswahili chake. “Hili limetoka njiani.”

Majak aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amebeba gari lake mwenyewe, jeupe, lenye tope lake lililorudiwa na kupangwa kuelekea upande mmoja. Aliliweka mezani kando ya lile jingine, akayatazama yote mawili, na wivu ulikuwa wazi usoni mwake kama wa mtoto.

“Eriya,” alisema, “na langu lifanye hivi. Lifumue lote, uanze upya.”

Kuach alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya shati. Aliuliza kazi kama ile huchukua muda gani, maana ana rafiki Rumbek ambaye angependa kuwa na lake.

“Muda wowote, mzee,” Majak alimjibu, akivuta kiti akae. “Huyu hana haraka. Mke wake ameshafika kwao.”